Kidimbwi cha watoto cha kujaza upepo: uzoefu wangu hapa Malindi

Kidimbwi hiki nilikinunua katika duka moja la vyombo vya plastiki mjini Malindi, kwa shilingi 4,500, kaskazi ilipoanza na joto likawa linawanyima watoto usingizi wa mchana. Kina pete tatu zilizopandana, kila moja na tundu lake la upepo, na upana wake ni mita moja na nusu. Sakafu yake nayo hujazwa upepo kidogo, ili mtoto akiteleza asiumie. Kimekaa uani kwetu, Muyeye, msimu mzima wa joto, na watoto wangu pamoja na binamu zao wanaokuja kutoka Mambrui wamekitumia kiasi cha kuniwezesha kukitolea ushahidi. Ninakipenda na ninawashauri wazazi wenzangu wakinunue, lakini kwa sharti moja: kichukuliwe kuwa beseni kubwa, kijazwe na kumwagwa siku hiyo hiyo.

Muuzaji alinishauri kinyume cha hivyo. Alinionyesha vidonge vya klorini vya gramu 200 na kuniambia kuwa kimoja kingeyaweka maji safi wiki nzima. Sikuvichukua, na sababu zangu ni hizi. Bwawa la hoteli lina pampu na chujio la kuzungusha maji, na lina mtu wa kuyapima, kwa hiyo klorini yake inaweza kudumishwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Kidimbwi chetu kikijazwa kina cha sentimita 25 kinachukua takriban lita 440, yaani klorini inayotakiwa humo haifiki hata gramu moja na nusu. Kidonge kilichotengenezewa bwawa la maelfu ya lita kikitiwa humo kitawachoma watoto macho na ngozi. Na hata ukikivunja ukatia chembe kwa kukisia, jua la huku huimaliza klorini upesi, na kile kinachosalia huishia kwenye jasho, mkojo, mchanga na mafuta ya nazi tuliyowapaka watoto wenyewe asubuhi. Baada ya muda mfupi maji yanakuwa hayana kinga yoyote, ingawa yanang'aa vilevile.

Jirani yetu, bibi ambaye watoto wote wa mtaa ni wajukuu zake, aliniambia, "Mwanangu, tia shabu, yatatulia." Ni kweli shabu huyatuliza maji, kwani huyakusanya matope na kuyazamisha chini, lakini vijidudu haiviui. Kwa hiyo nilimshukuru, nikaendelea kumwaga. Kipo kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, chenye kuleta kuhara, ambacho kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 hata katika maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo sahihi. Ndiyo maana mtoto anayeharisha haingii kabisa hapa kwetu, hata akilia, na hata akiwa mgeni aliyetoka mbali. Wanaoingia huoshwa kwanza miguu na makalio kwa sabuni, kwa ndoo na kata iliyowekwa kando, na wale wadogo hutolewa kila mara kupelekwa msalani.

Jioni nakivuta upande mmoja na kuyaelekeza maji kwenye migomba. Kisha nakisugua kwa sifongo na sabuni ya maji, hasa pale pete mbili zinapokutana, maana hapo ndipo utelezi unapojificha: ukipitisha kidole unausikia kabla ya kuuona. Mara kwa mara nakipangusa kwa maji yenye dawa kidogo ya kung'arishia nguo, nakisuuza vizuri, kisha nakianika juani kikauke kabisa. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Kusugua kingo kuna faida nyingine, ambayo kwetu Pwani ina uzito wake. Mlipuko wa chikungunya, ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo, ulioikumba Lamu mwaka 2004, kisha ukafika Mombasa, ulienezwa na mbu aina ya Aedes aegypti, anayetaga katika maji yaliyotuama majumbani. Yai lake linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10, na mayai hayo hugandamana na ukingo, juu kidogo ya maji, yakavumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga tu, basi, hakutoshi. Masika yakianza nakitoa upepo kabisa, kwa maana kidimbwi kilichosahauliwa uani hukinga maji ya mvua.

Usalama ndio unaonishughulisha kuliko usafi. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita 5, na huzama kimya, bila kelele wala kurusha mikono. Watu wengi hawalijui hili, na inaniuma kuona maji yakiachwa uani na watoto wakichezacheza kando. Kwetu, mtu mzima mmoja hukaa pale mkono wake unapomfikia mtoto, simu akiwa ameiacha ndani, na kazi hiyo hatumwachii dada mkubwa wa miaka tisa. Mtu akibisha hodi, watoto hutoka majini kwanza, ndipo mlango ufunguliwe.

Kidimbwi chenyewe kina kasoro. Pete ya chini ilianza kuvuja kwenye mshono, na kiraka kilichokuja ndani ya boksi ni kidogo mno. Solusheni ya fundi baiskeli haikufaa, kwa kuwa imetengenezewa mpira, nacho ni plastiki. Gundi ya plastiki laini ndiyo iliyoshika. Chini ya kidimbwi tandikeni turubai juu ya majamvi makuukuu, kwani ardhi yetu ina vipande vikali vya matumbawe. Asubuhi msikijaze upepo hadi kikakaza, maana hewa hutanuka jua linapopanda na mishono ndiyo inayoumia.

Lita 440 ni mitungi 22 ya lita 20. Sisi tuna tangi, na siku mfereji unapotoa maji kidogo tunajaza nusu tu, sentimita 12 hivi, na watoto wanafurahi vilevile. Lakini nyumba inayonunua maji ya mkokoteni itashawishika kuyaweka hadi kesho na keshokutwa, na kwa nyumba hiyo ningeshauri beseni pana la kufulia badala ya kidimbwi hiki.