Kompyuta Inayokataa Kuamka Asubuhi: Uzoefu Wangu na Mafundi Watatu na Pawa Saplai Mbili

Mwezi wa sita Makambako hakuna anayefungua duka saa moja asubuhi kwa kupenda. Upepo unapita chini ya mlango, vidole vimekufa ganzi, na mimi nimeinama chini ya meza nabonyeza kitufe cha kompyuta kwa mara ya tisa. Taa inawaka rangi ya chungwa, feni inashtuka, inazunguka nusu duara, halafu kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Mara ya kumi na mbili inaunguruma, kioo kinawaka, na inapiga kazi mpaka jioni kama vile hakuna kilichotokea.

Nimeishi na hali hiyo karibu wiki sita, Juni na Julai 2024. Nimelipa mafundi watatu na muuzaji mmoja wa Kariakoo, na kati ya hao wanne ni mmoja tu ambaye hela yangu niliitoa kwa moyo mweupe.

Nina duka la steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga laminesheni vyeti, nawajazia watu maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira. Kompyuta ni moja, ya mezani, niliinunua 2021 ikiwa imetumika, shilingi 380,000 pamoja na kioo cha inchi 19. Ni zile nyembamba za maofisini zinazokuja na makontena kutoka Ulaya. Kibandiko cha nyuma kinasema ilitengenezwa 2011. Jina la kampuni siliandiki, maana ugonjwa huu haukuwa wa kampuni, ulikuwa wa umri. Kwa miaka mitatu haikuwahi kunisumbua.

Ubaya wa ugonjwa wa kuja na kuondoka ni kwamba ukiipeleka kwa fundi, inapona njiani. Mara mbili niliipakia kwenye bajaji, nimeifunga na khanga isigongwe. Tunafika saa sita mchana, fundi anabonyeza mara moja, inawaka. "Dada, mbona nzima hii?" Unabaki unajieleza kama mtu aliyesingizia.

Fundi wa kwanza hakutaka kusikiliza sana. Akasema Windows imechoka, tupige upya. Shilingi 20,000, na nusu siku ya kuhamisha kazi za wateja kwenye flashi. Kesho yake asubuhi, mara kumi na moja. Leo najua nilichopaswa kumuuliza: mashine ambayo haijaonyesha hata nembo ya kampuni kwenye kioo inahusianaje na Windows? Hatua hiyo haijafikiwa. Ni kumlaumu abiria wakati basi lenyewe halijawaka. Lakini kwetu hapa kupiga Windows ni kama panadoli, inatolewa kwanza, maswali baadaye.

Wa pili alikuwa na afadhali. Alifungua sipiyu (najua, sipiyu hasa ni kile kidude kilicho chini ya feni, lakini boksi zima tumeshaliita hivyo na hatuachi), akapuliza vumbi kwa bloa, vumbi la miaka mitatu likatoka kama moshi. Akachomoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu, akasugua meno ya dhahabu ya kadi hiyo kwa raba ya mwanafunzi, akairudisha mpaka ikalia tak pande zote mbili. Akabadilisha betri ya saa, ile ya duara ya CR2032. Nikamuuliza kuhusu pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia kompyuta. Akachomoa plagi kubwa kwenye mazabodi, lile bamba kuu ambalo vyote vinachomekwa, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ya pawa saplai ikazunguka. "Hii iko fiti." Akachukua 15,000.

Siku tatu ikawaka kwa mguso mmoja! Nikamsifia kwa kila aliyeingia dukani. Siku ya nne, mara nane. Baadaye nilikumbuka kwamba zile siku tatu upepo ulitulia na jua lilitoka mapema.

Simlaumu sana. Kusugua RAM kunasaidia kweli mashine nyingi, hasa zile zinazowaka feni na kupiga mlio lakini kioo kinabaki cheusi. Yangu haikuwa hivyo, haikufika hata kwenye kupiga mlio. Kosa lake ni kile kipimo cha waya wa kijani. Kinakwambia pawa saplai inaweza kuamka ikiwa mikono mitupu. Hakikwambii itafanya nini ikitwishwa mzigo wa mazabodi, diski na feni kwa pamoja.

Nikaamua kuwa mjanja: nisiizime kabisa. Ikilala inaunguruma, uniti za Luku zinakwenda, lakini asubuhi nakuta kioo kinanisubiri. Wiki moja nikajiona nimemaliza. Halafu umeme ukakatika usiku.

Asubuhi hiyo alikuja mzee na binti yake. Binti amechaguliwa kidato cha tano, shule ni Tabora, wanataka fomu ya kujiunga waone mahitaji na tarehe ya kuripoti. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, karibuni mkae. Nikainama chini ya meza. Nikabonyeza mpaka nikaacha kuhesabu. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini, anasikia ile feni inavyoshtuka na kunyamaza, inashtuka na kunyamaza. Mwisho akasema taratibu, "Mwanangu, basi la kurudi kijijini halitungoji. Tukajaribu pale ng'ambo?" Nikawaelekeza mwenyewe kwa mshindani wangu. Angefoka ningejisikia vizuri zaidi.

Jioni ile nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni nikaanza kuandika: tarehe, saa, nimebonyeza mara ngapi, ilizimwa muda gani. Nikaacha na ujanja wa kuilaza macho. Baada ya siku tisa hata mimi nisiyejua umeme niliona. Asubuhi: 9, 12, 7, 14. Umeme ukikatika mchana kwa saa moja: mara 1. Ukikatika saa kumi jioni ukarudi usiku: mara 4. Kadiri ilivyokaa muda mrefu ikiwa imezimwa kwenye baridi, ndivyo ilivyokataa.

Fundi wa tatu si wa kompyuta. Ni kijana anayetengeneza redio na amplifaya za makanisani. Nilimpelekea redio ya mama, nikamsimulia kama stori tu. Akaomba kuliona daftari. Akalisoma kwanza, na hiyo peke yake ilinifanya nimwamini. Akasema, "Dada, usiilete kwangu. Nitakuja mimi, kabla hujaigusa."

Akaja saa kumi na mbili na nusu, kapiga koti na kofia ya sufu. Alianza na vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvigusa: akaondoa UPS (lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika), akaondoa ekstensheni, akachomeka waya mwingine moja kwa moja ukutani. Ikakataa. Akapima soketi kwa mita yake ya kupimia umeme: volti 226. "Umeme wako mzuri, usiitukane TANESCO leo." Akafungua boksi, akachokonoa ncha ya mita nyuma ya plagi kubwa kwenye waya wa zambarau, nyingine kwenye mweusi. Mita ikasoma 4.2.

Huo waya wa zambarau, akaniambia, unabeba volti 5 muda wote maadam kompyuta imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa. Ndio unaolisha ile sehemu ya mazabodi inayosubiri kitufe kibonyezwe. Ukishuka chini ya 4.75 hautakiwi. Yangu ilikuwa inaamshwa na mtu ambaye mwenyewe yuko nusu usingizini.

Kisha akaniuliza kama jirani ana draya. Saluni iko mlango wa pili, mama mwenye saluni alikuwa ndio anafagia. Akatuazima, akatufuata kuangalia, akauliza tunamseti nani nywele. Kijana akaelekeza hewa ya moto kwenye matundu ya pawa saplai, mkono mmoja draya, mwingine mita. Nikawa nasoma namba kwa sauti: 4.3. 4.4. Kimya. 4.6. Kama dakika tano hivi ikafika 4.9. "Bonyeza." Nikabonyeza mara moja. Ikawaka.

Nilimwangalia yule mama wa saluni, naye akaniangalia.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita, vikopo vidogo vyenye majimaji ndani. Kazi yao ni kuhifadhi chaji na kuulainisha umeme. Miaka ikienda na joto, majimaji hukauka. Kikopo kikikauka, baridi hukizidishia ugonjwa, kikipata moto hufanya kazi kidogo. Na vile vya upande wa zambarau huwa vya kwanza kuchoka, maana havipumziki: mimi nimefunga duka nimelala, vyenyewe viko kazini. Tangu 2011, hesabu mwenyewe. Na ile wiki niliyoilaza macho sikuwa natibu kitu, nilikuwa nakipasha moto.

Alipoifungua pawa saplai alinisogeza nyuma. Kikopo kikubwa kuliko vyote kinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kwa hiyo akakimaliza chaji kwanza kwa balbu yenye nyaya mbili. Balbu ikamulika mara moja ikazimika. Nilipoona hivyo niliacha mawazo yoyote ya kuja kufungua mwenyewe, na nawe uyaache. Akanionyesha vidogo vitatu. Viwili kichwa kimevimba kama andazi, cha tatu kimetoa uchafu wa kahawia miguuni. Akavitoa kwa pasi ya risasi, akaweka vipya vilivyoandikwa 105°C, yaani joto vinavyolistahimili, si vile vya 85 ambavyo ni rahisi zaidi. Vikopo 4,500, ufundi 10,000.

Akanishauri pia niwe na pawa saplai ya akiba, kwa sababu sehemu nyingine za ile ya zamani nazo zina umri ule ule. Hapo ndipo nilipoingia kwenye mikono ya Kariakoo. Nilimtumia muuzaji picha kwa WhatsApp, na ya kibandiko pia. "Zote ni sawa dada, plagi ni ile ile ya pini 24." Shilingi 65,000, na 8,000 ya kifurushi kwenye basi. Nilikwenda stendi usiku kuipokea.

Plagi kweli ni ya pini 24, hapo hakunidanganya. Lakini boksi langu jembamba linataka pawa saplai ndefu na nyembamba, na iliyokuja ni pana kama tofali. Haiingii hata ukiipakaa mafuta. Tuliijaribu ikiwa imelala nje juu ya meza na kompyuta ikawaka vizuri, asubuhi na baridi yake. Kingine kilichonitia shaka ni uzito. Ya zamani imeandikwa wati 240 na ukiinyanyua unajua umenyanyua kitu. Hii mpya imeandikwa 500 na ni nyepesi kama boksi la viatu. Kijana akatingisha kichwa tu. Nikamwandikia muuzaji, akajibu mzigo ukishafunguliwa haurudi. Ningepima urefu, upana na kimo kwa rula ya dukani kwangu mwenyewe, zinauzwa mia tano, ningeokoa hela hiyo.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Kompyuta yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mashine ya umri huo na bei hiyo imenilipa mara nyingi. Pawa saplai ya Kariakoo mbili: inafanya kazi, ila si ya kwangu, na iko kwenye rafu ikingoja siku ya dharura. Fundi wa Windows sifuri. Fundi wa raba mbili na nusu, maana usafi alioufanya ulihitajika. Kijana wa redio tano, na ningempa ya sita kwa kuja alfajiri, kwa sababu asingekuja saa ile asingeiona.

Ukinunua mashine ya namna hii na ikaanza kukataa kuwaka, kabla ya kumlipa yeyote andika saa na hali ya hewa, jaribu soketi nyingine na waya mwingine, halafu mtafute mtu mwenye mita.

Nilimlipa mama wa saluni kwa kumchapia bure orodha ya bei za kusuka, laminesheni juu. Mstari wa mwisho kwenye ule ukurasa wa daftari ni wa tarehe 24 Julai: saa moja kasoro robo, upepo mkali, mara 1. Chini yake nimerudi kuandika madeni.