Sheria ya 1891 au Sheria ya Sarda ya 1929: ipi ilimlinda zaidi binti wa Kihindu?

Sheria ya Umri wa Ridhaa ya 1891, ya India iliyotawaliwa na Waingereza, haikugusa ndoa yenyewe. Ilipandisha tu umri ambao chini yake kumwingilia msichana kimwili kulikuwa kosa, kutoka miaka 10 hadi 12, awe ameolewa au la. Chanzo chake kikubwa kilikuwa kifo cha Phulmoni Dasi huko Bengal, mke mtoto aliyekufa baada ya kuingiliwa na mumewe: kwa kuwa alishapita miaka 10, mumewe hakuweza kushtakiwa kwa ubakaji, akafungwa miezi 12 tu. Hata baada ya sheria kupita, polisi hawakuweza kumkamata mume bila amri ya hakimu. Na mke wa miaka 11 angemshtaki vipi mtu anayemlisha?

Sheria ya Sarda, ya kuzuia ndoa za utotoni, iliigusa harusi: umri wa chini wa ndoa ukawa msichana miaka 14, mvulana 18, kwa dini zote za India ya Waingereza. Bwana harusi aliyezidi miaka 21, mzazi na mfungishaji ndoa waliweza kufungwa mwezi mmoja au kutozwa faini hadi rupia 1,000. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Lakini mlalamikaji alitakiwa kuweka dhamana ya hadi rupia 100, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Tena ndoa iliyofungwa ilibaki halali! Ilipitishwa Septemba 1929, ikaanza Aprili 1930. Katikati hapo wazazi wengi wakaharakisha harusi.

Kwa upana, ya 1929 inashinda. Lakini amri ya mahakama ya kuzuia harusi kabla haijafungwa ilikuja kwa marekebisho ya 1938.