Combat Commander: Europe, vita vya mezani ambavyo amri haipatikani kila unapoitaka

Mwenzangu wa mezani ni mwalimu wa hisabati na mchezaji hodari wa bao, na siku ya kwanza nilipomfundisha Combat Commander: Europe alikasirika kabla hatujamaliza nusu saa. Alikuwa na bombomu ndani ya jengo la mawe, askari wangu walikuwa wakivuka shamba mbele yake bila kificho chochote, na bado hakuweza kufyatua hata risasi moja, kwa sababu katika karata alizoshika mkononi hakukuwa na hata moja yenye amri ya kupiga. Katika bao kete zote 64 zimo mchezoni mbele ya macho ya wachezaji wote wawili, na anayefungwa hana wa kumlaumu ila hesabu zake mwenyewe. Hapa hesabu yake ilikuwa sawa, silaha ilikuwa mahali pake, kisha akanyimwa ruhusa. Tangu hapo tumecheza Jumapili nyingi, yeye, mimi na mwenzetu wa tatu, na jambo hilo hilo lililomkasirisha ndilo ninaloliona kuwa sababu kuu ya kuusifu mchezo huu.

Aliyeubuni ni Chad Jensen, ambaye alifariki mwaka 2019, na waliouchapisha ni kampuni ya GMT Games ya Marekani mwaka 2006. Unahusu mapigano ya askari wa miguu barani Ulaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na majeshi yaliyomo kwenye sanduku ni ya Ujerumani, Urusi ya Kisovieti na Marekani. Ramani zimegawanywa katika vyumba vya pembe sita, kila chumba kikiwa ni makumi machache tu ya mita za ardhi, kwa hiyo pambano zima hugombaniwa kwenye kijiji kimoja, kilima kimoja au vichaka vya ukingoni mwa mto. Kete ni maofisa, seksheni na timu ndogo za wapiga silaha nzito. Kila kete ina pande mbili: upande wa askari walio imara na upande wa askari waliovunjika moyo, na ikipigwa tena ikiwa imekwisha kugeuzwa, huondolewa mezani.

Aina hii ya mchezo si ngeni. Wengi waliizoea kupitia mchezo wa Squad Leader, uliobuniwa na John Hill na kutolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1977, na baadaye kupitia mrithi wake wa mwaka 1985, Advanced Squad Leader, ambao sheria zake ni nyingi kiasi cha kuwekwa kwenye faili kubwa la kuongezwa kurasa. Wapenzi wa michezo hiyo huweza kubishana jioni nzima juu ya mstari wa kuona kati ya dirisha moja na ukuta mmoja. Nawaheshimu, lakini mimi sina jioni za kutosha.

Jensen alipita njia nyingine. Kila jeshi lina karata zake 72, na kila karata hubeba mambo kadhaa kwa pamoja: amri unayoweza kuitoa katika zamu yako, tendo unaloweza kulichomekea wakati wowote sheria inaporuhusu, tukio, jina la chumba kimoja cha ramani, na picha ya dadu mbili. Dadu zenyewe hazimo sandukuni. Unapotakiwa kurusha dadu, unafunua karata ya juu na kusoma picha hiyo. Idadi ya karata za mkononi hutegemea msimamo wa jeshi lako katika pambano: anayejilinda hushika 4, anayepeleleza hushika 5, na anayeshambulia hushika 6. Ukiona karata zako hazikufai, unaweza kuacha kutoa amri na kuzitupa, kwa kadiri jeshi lako linavyoruhusiwa, ili uvute nyingine.

Hapo ndipo ujanja ulipo, na ilituchukua Jumapili tatu kuung'amua. Karata za upande wowote zikiisha, huchanganywa upya na alama ya saa husogea mbele. Kwa hiyo mtu anayetupa karata akiitafuta amri ya kupiga anaila pia saa ya pambano. Kwa anayejilinda hiyo ni faida, kwa kuwa kila saa inayopita inamsogeza karibu na mwisho wa pambano akiwa bado ameshikilia kijiji. Kwa anayeshambulia ni hasara inayouma. Vilevile karata moja inayotamanika kwa amri yake huenda ikatamanika zaidi kwa tendo lake, na ukiitumia kwa hili umeipoteza kwa lile. Karata ya kupiga yenyewe hufaa mara mbili: ama unapiga katika zamu yako, ama unaiweka kibindoni ili umpige mwenzako anapothubutu kusogea. Mwalimu sasa huishika moja muda wote, au hujifanya anaishika. Ninamtazama usoni kuliko ninavyoitazama ramani.

Upigaji wenyewe ni rahisi kuueleza. Nguvu ya silaha hujumlishwa na dadu, na anayepigwa hujumlisha moyo wa askari wake, kinga ya mahali alipo na dadu yake. Jumla ya mpigaji ikizidi, kete inageuzwa. Zikiwa sawa, askari wasiokuwa wakisogea hulala chini wakiwa wamedhoofika. Ofisa akiwa chumba kimoja na askari, humwongezea kila mmoja moyo, mwendo na nguvu ya kupiga, na karata moja ya amri huweza kuwaamsha wote walio ndani ya uwezo wake wa kuamuru. Kwa sababu hiyo kumpoteza ofisa huumiza kuliko kupoteza seksheni nzima. Mapigano ya ana kwa ana ni makali kupita kiasi: pande mbili zikikutana chumba kimoja, anayeshindwa huondolewa na kila alichonacho chumbani humo, na wakitoka sare wote wawili huondolewa. Mwenzetu wa tatu, mtu mpole sana, ndiye anayependa kuingia humo kuliko sisi sote.

Baadhi ya picha za dadu huambatana na neno la kuanzisha tukio, la kumwita mdunguaji, la kukwamisha silaha au la kusogeza saa, na hapa ndipo visa vyetu vyote vinapotokea. Katika pambano moja nilikuwa nimepanga kupita msituni ili niifikie nyumba aliyokuwamo mwalimu. Alipofunua karata kwa jambo dogo tu, tukio likaamuru moto, na chumba kilichotajwa kikawa kile kile nilichokuwa nikikielekea. Njia ikafungwa, moshi ukaziba macho ya pande zote mbili, na bombomu lake lililokuwa likitisha likabaki likilinda ndimi za moto. Nililazimika kuzunguka kupitia shamba la wazi. Nilipofika katikati, nikagundua kwamba amri ya kusonga imeniishia. Askari wangu walilala pale zamu tatu, nami nikitupa karata, na mwalimu akicheka kwa sauti iliyowaamsha watoto chumba cha pili.

Wapo wanaosema mchezo wa namna hii ni bahati nasibu iliyovaa magwanda. Siukatai ukweli uliomo katika lawama hiyo, maana nimewahi kushindwa pambano ambalo sikuona kosa langu hadi leo. Lakini baada ya michezo mingi matokeo yetu hayafanani na ya bahati nasibu: mwalimu hunishinda mara mbili katika kila tatu, kwa kuwa amejifunza kuipanga mipango yake kulingana na karata alizonazo, ilhali mimi bado hupanga kwanza kisha nikazisubiri karata zinifuate.

Mchezo huu unategemea mno mtu unayecheza naye. Kuucheza peke yako hakuna maana, kwa sababu karata za mkononi ni siri, na kila upande huweza kuwa na shabaha ya siri yenye pointi ambazo mwenzako hazijui. Mtu anayetaka kurudisha hatua aliyoikosea, au anayenuna dadu zikimkataa, atakuharibia saa zako mbili au tatu. Sisi tukiwa watatu, mmoja hukaa na kitabu cha sheria kama mwamuzi. Kitabu hicho kimeandikwa kwa mtindo wa kisheria, kwa vifungu vyenye namba, na kinachosha kukisoma mfululizo, ingawa ukitafuta jibu la swali moja unalipata upesi.

Lugha ni kikwazo cha kweli. Maneno yote ya karata ni ya Kiingereza, na kwa anayeanza ni mengi. Ramani katika nakala yangu ni za karatasi iliyokunjwa, nasi tunacheza chini ya feni, kwa hiyo nililazimika kukata kipande cha kioo cha kuzilaza. Vifaru havimo kabisa, jambo ambalo mimi halinisumbui lakini linawavunja moyo vijana wanaovutiwa na picha ya jalada. Mjomba wangu, aliyepigana vita vya Kagera, alikaa nasi siku moja, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza askari hawa wanakula nini na maji wanayatoa wapi. Hatukuwa na jibu, kwa kuwa mchezo hauna jibu. Pambano ni la muda mfupi na matumbo ya askari hayamo katika hesabu.

Anayetaka vita vilivyo karibu zaidi na historia yetu aangalie sanduku la Pasifiki la mwaka 2008, ambalo linajitegemea na lina jeshi la Jumuiya ya Madola. Askari wa Afrika Mashariki walikuwa upande huo huko Burma, na divisheni yao ya 11 ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944. Kwa anayeanza, hata hivyo, sanduku la Ulaya linatosha, na pambano lake la kwanza, la Warusi na Wajerumani, ndilo la kuanzia.

Ushauri mmoja wa mwisho unahusu ile karata ya pekee inayompa mwenye nayo haki ya kufuta dadu na kutaka irushwe upya, kisha anaikabidhi kwa mpinzani. Msiichezee. Jumapili iliyopita niliitumia kumwokoa ofisa wangu, ambaye mdunguaji alimpata zamu mbili baadaye, na saa ilipokwisha tulikuwa sawa kwa pointi. Kwa mujibu wa sheria, pointi zikilingana mshindi ni yule mwenye karata hiyo, na ilikuwa mbele ya mwalimu, chini ya kikombe chake cha chai.