Nilimlipa wakala, mwaka uliofuata nikaomba mwenyewe: uzoefu wangu wa kutafuta masta ya baiolojia ya bahari

Nianze na pesa, maana ndiyo iliyoniuma. Nililipa shilingi 450,000 kwa wakala mmoja wa masomo ya nje, Dar, anitafutie nafasi ya masta ya baiolojia ya bahari. Jina lake silitaji. Ofisi ina kiyoyozi, vibendera mezani, na kijana mchangamfu anayekuita "dada yangu" kila akipumua. Nilitoka pale nimeridhika kabisa.

Miezi mitatu baadaye nikaiona barua ya maombi aliyoniandikia. "Tangu utotoni nimevutiwa na pomboo na uzuri wa matumbawe." Nani, mimi? Mimi mtoto wa Paje, Unguja, mama yangu mkulima wa mwani. Pomboo nimewafuata Kizimkazi mara moja tu, na safari nzima nilikuwa natapika ubavuni mwa boti. Kibaya zaidi, kozi aliyoniombea ilikuwa usimamizi wa mazingira. Nilipomuuliza akasema, "Ni kitu kile kile, dada yangu." Vyuo viwili vikanikataa, cha tatu hakikujibu hadi leo. Pesa hazirudi, imo kwenye fomu niliyosaini bila kusoma, na hilo ni kosa langu.

Mwaka uliofuata nikaomba mwenyewe. Nilichagua Oceans & Lakes ya Ubelgiji, masta ya miaka 2 inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya VUB cha Brussels, Ghent na Antwerp, na inafundishwa kwa Kiingereza. Sikuiokota kwenye tangazo. Nilikuwa nasoma makala za utafiti wa mikoko ya Gazi, kule Kwale, Kenya, na kila mara majina ya watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari iliyoko Mombasa, yalikuwa yameandamana na ya watu wa VUB. Nikajiambia hawa bahari yetu wanaijua. Halafu kuna ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la vyuo vikuu vya Ubelgiji, unaolipa ada, nauli, bima na posho ya kuishi, na Watanzania tunaruhusiwa kuuomba.

Kujaza fomu ni kazi ya jioni moja. Kilichonitoa jasho ni barua. Nilimpelekea rasimu mwalimu wangu wa digrii ya kwanza, akaikata aya yote ya juu kwa kalamu. "Hapa unanieleza kwamba bahari ni muhimu. Najua. Mama yako anafanya nini?"

Nikaanza upya, safari hii na kamba ya mama. Alianza kulima miaka ya 90. Mwani wenye bei ni cottonii, lakini unaovumilia ni spinosum, na kwenye shamba lake la maji madogo cottonii iligoma: maji yakipata joto inageuka nyeupe, inalainika, inakatika kwenye tai-tai, vile vikamba vya kuifungia, na bamvua likija unakuta vigingi na kamba tupu. Tafiti za Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, zinaonyesha njia ya kuipeleka maji ya kina. Sawa, lakini mama na wenzake wengi hawajui kuogelea. Basi swali langu likawa dogo: kati ya shamba la sasa na kina wanachoweza kusimama, joto linatofautianaje, na kwa saa ngapi kwa siku? Barua ilitosha ukurasa mmoja na nusu. Pomboo hakuna.

Vyeti navyo vina mambo yake. Chuo nilichosoma kilichukua wiki sita kunipa transkripti, ile orodha ya alama za masomo. Jina langu lina herufi moja zaidi kwenye cheti cha kuzaliwa kuliko cha kidato cha nne, ikabidi niende kwa wakili kula kiapo. Lianze hilo kabla ya yote, hata kabla hujachagua chuo. Na anayekuandikia barua ya mapendekezo mpe mwezi mzima, pamoja na rasimu yako. Ukimpa siku mbili atakuandikia kwamba una bidii na nidhamu, basi.

Majibu: nafasi nilipata, ufadhili sikupata. Barua ya kukubaliwa bila pesa ni karatasi nzuri ya kuonyesha wageni. Nililia siku mbili, sifichi.

Kisha nikachukua andiko lile lile nikaliombea Taasisi ya Sayansi za Bahari, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar tangu 1978, sasa Buyu. Nimo mwaka wa kwanza. Nafikiri ningeanzia hapa: swali liko Paje, wanaolijua wako Buyu, na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao makao yao ni hapa hapa Unguja, wana ruzuku za utafiti za MARG ambazo naziandikia sasa. Ubelgiji labda kwa PhD.

Kwa hiyo wakala nyota moja, ya kiyoyozi. Kuomba mwenyewe nyota nne. Ya tano imeliwa na transkripti.

Mama amekubali nifunge vipima joto kwenye kamba zake, kwa sharti moja: bamvua likiingia, niwe mle majini nafunga mbegu kama wengine, si kusimama ufukweni na daftari.