Seva ya maktaba ya kidijitali: ipi ununue, ipi uiache dukani

Bodi ikishakubali kuanzisha maktaba ya kidijitali, mhasibu huuliza kwanza bei ya programu. DSpace ni bure. Greenstone, Omeka na Kolibri pia ni bure. Pesa inakwenda kwenye seva, yaani mashine itakayobeba maktaba yenyewe, umeme, diski za akiba na mtu wa kuitunza mitambo hiyo, na huyo mtu ndiye anayesahaulika kwenye bajeti. Kwa hiyo nimepanga orodha hii zaidi kwa kipimo kimoja: mashine ambayo mkutubi na mwalimu wa kompyuta wataiendesha wenyewe iko juu, na inayomtegemea fundi wa mjini iko chini, hata kama ina nguvu maradufu.

Kabla hujatoa hela, jua unachokitafuta. Koha, iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000, ni mfumo wa kuendesha maktaba ya vitabu vya karatasi: katalogi, kuazimisha, kurudisha, faini. Haikutengenezwa iwe ghala la tasnifu za PDF. Zabuni ikiandikwa “mfumo wa maktaba” tu, muuzaji ataleta anachokijua yeye, nawe utapokea kitu kizuri kisicho chako.

1. Kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, kwenye mtandao wa ndani

Kwa shule ya sekondari, chuo cha ualimu au maktaba ya kata, hii ndiyo namba moja, na sioni ya kushindana nayo. Tafuta Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zile za umbo dogo. Zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, spea zake zinapatikana, na hazili umeme mwingi. Ukitaka RAM zaidi, mafundi wengi wa mtaani watakuongezea ukisubiri.

Dai RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache, na 16 kama mfuko unaruhusu. Diski iliyokuja na mashine usiitegemee: nunua SSD mpya (diski isiyo na kinachozunguka ndani), ile ya zamani iwe ya majaribio. Muuzaji akisema diski ni nzima, mwambie afungue programu ya CrystalDiskInfo mbele yako, usome hali ya diski na saa ilizofanya kazi. Kuna diski “karibu mpya” ambazo zimezunguka usiku na mchana miaka mitano.

Jambo la pili ni dogo lakini ndilo litakalokulaza au kukuamsha. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayosomwa kabla Windows haijawaka, kuna kipengele cha kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Kiweke kwenye kujiwasha. Bila hivyo, umeme ukikatika Ijumaa jioni, maktaba italala hadi mwenye ufunguo wa chumba aje Jumatatu. Na kwa kuwa mashine ni ya zamani, badilisha ile betri ya saa yenye umbo la sarafu, CR2032. Ikifa, tarehe inarudi nyuma, mipangilio ya BIOS inafutika, na kile kipengele ulichokiweka kinapotea nacho.

UPS, yaani betri ya dharura ya kompyuta, si hiari. Nunua yenye waya wa USB wa kuiambia kompyuta ijizime taratibu betri inapokaribia kuisha, kwa sababu kinachoharibika umeme unapokatika ghafla mara nyingi ni hifadhidata, hata kama mashine imepona. Ukinunua UPS ya mtumba, hesabu bei ya betri mpya papo hapo.

Uweke programu gani? Shule inayotaka masomo, mazoezi na video iweke Kolibri. Inafanya kazi bila intaneti, inakubali Windows na Linux, na ina kiolesura cha Kiswahili. Iongezee programu ya Kiwix upate Wikipedia ndani ya jengo bila intaneti. Ile ya Kiswahili ni ndogo. Ya Kiingereza yenye picha inazidi gigabaiti 100, basi ipakue mahali penye intaneti ya uhakika, uje nayo kwenye diski.

Kama una nyaraka zako mwenyewe, yaani ripoti, mitaala ya zamani au majarida ya chuo, jaribu Greenstone. Ilitoka Chuo Kikuu cha Waikato, UNESCO ikasaidia kuisambaza, na ilibuniwa ikijua kwamba kuna sehemu intaneti haifiki; hata kutoa mkusanyiko mzima kwenye CD iliweza. Inakaa kwenye Windows bila ugomvi. Ubaya wake ni kwamba ukiongeza nyaraka lazima uujenge upya mkusanyiko ndipo zionekane, na sura yake ni ya kizamani. Mimi sura hainisumbui. Msomaji anatafuta ripoti, na ripoti anaipata.

2. Seva ya kukodi, kwa chuo chenye tasnifu

Kama kazi zako zinapaswa kuonekana duniani, kwenye Google Scholar na kwingineko, kompyuta ya ofisini haitoshi. Hapa ndipo DSpace, programu ya ghala la tasnifu, inapoingia. Ilizaliwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa maktaba za MIT na kampuni ya HP, na kwetu imeota mizizi: Makerere, Sokoine na Strathmore wanaitumia. Faida ya kuchagua kilichochaguliwa na jirani ni kwamba ukikwama yupo wa kumpigia.

Ila ujue unachokodi. Toleo la 7, lililotoka 2021, liligawa mfumo pande mbili: upande wa nyuma unaotumia Java, na upande wa mbele unaotegemea Node.js. Ongeza hifadhidata ya PostgreSQL na Solr ya utafutaji, vyote kwenye mashine moja. Anayekuuzia seva yenye RAM ya gigabaiti 2 kwa ajili ya DSpace hajawahi kuiwasha. Anza na 8. Na fundi akipendekeza toleo la 6 kwa sababu “ndilo limezoeleka”, mkatalie. Matunzo yake yalikoma 2023, na tundu la usalama likigunduliwa leo utaliziba mwenyewe.

Kabla ya kwenda kwa makampuni ya nje, uliza mtandao wa elimu na utafiti wa nchi yako: KENET kwa Kenya, RENU kwa Uganda, TERNET kwa Tanzania. Ukikodi nje utalipa kwa dola na kwa kadi, na swali linakuwa kadi ya nani. Akaunti ikiwa kwa barua pepe binafsi ya mtumishi, siku akihama kazi seva inahama naye. Isajili kwa anwani ya ofisi, na jina la kikoa liwe la taasisi.

Pita kwenye hazina za vyuo vyetu utakutana na viungo vyenye namba 123456789. Hiyo ni namba ya mfano inayokuja na DSpace, imeachwa kama ilivyokuja. Anwani za kudumu za Handle husajiliwa na kulipiwa kila mwaka. Bila usajili, kiungo cha kudumu cha hdl.handle.net chenye namba hiyo hakimfikishi msomaji popote. Weka ada hiyo kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza, kwa sababu kubadilisha baada ya kupakia tasnifu elfu tatu ni adhabu.

3. Raspberry Pi

Hii ni kompyuta ya ukubwa wa kiganja, nzuri kwa darasa moja, kijiji kinachotumia sola, au gari la maktaba. Kolibri na Kiwix zinakaa humo vizuri. DSpace usiifikirie. Chukua Pi 4 au 5 pamoja na adapta yake rasmi, kwani chaja ya simu huipa umeme pungufu, kisha watu wakalaumu programu. Kadi ya kumbukumbu nayo huchoka kwa kuandikwa kila mara. Hamishia kazi kwenye SSD ya USB. Ukishanunua adapta, SSD na boksi, linganisha jumla na kompyuta ya mtumba ya namba moja. Kama una umeme wa gridi, mara nyingi Pi inapoteza.

4. Hosti ya pamoja na Omeka

Hii ni ya makumbusho, chama cha utamaduni au familia yenye picha na barua za zamani. Omeka ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2008, inatumia PHP na MySQL, hivyo hosti ya bei nafuu, yaani nafasi ya tovuti kwenye seva mnayochangia na wateja wengine, inatosha. EPrints, programu ya ghala la tasnifu kutoka Chuo Kikuu cha Southampton, ni imara na ya siku nyingi, lakini haiwezi kukaa kwenye hosti ya namna hii, na huku kwetu ni vigumu zaidi kumpata anayeijua.

5. Seva mpya ya rafu

Inakula bajeti yote, inanguruma, inataka kiyoyozi. Kama hamna chumba cha seva na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, iacheni dukani.

Pesa iliyookolewa iende kwenye skana. Karatasi zilizo huru zinataka skana inayovuta yenyewe. Tasnifu zilizojalidiwa zinataka ya kupiga kutoka juu, la sivyo mtazivunja migongo. Piga kwa dpi 300, kisha pitisha Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maneno, ambayo inasoma Kiswahili, ili maneno yatafutike. PDF isiyotafutika ni picha tu.

Nunua pia diski mbili za nje za nakala rudufu, moja ilale jengo jingine. Kwenye DSpace, nakili folda ya assetstore pamoja na hifadhidata: mafaili humo yana majina ya tarakimu tupu, na bila hifadhidata hutajua tasnifu ipi ni ya nani. Zuia salio la fundi mpaka achukue nakala hiyo na kuirejesha kwenye kompyuta nyingine mbele yako, ukafungua tasnifu moja uliyoichagua wewe.