Hospitali ya akili: jengo moja refu au nyumba zilizotawanyika?

Ubishi huu ulipamba moto Marekani karne ya 19, na wasanifu bado wanaurudia. Daktari Thomas Kirkbride alitaka jengo moja: ofisi katikati, wodi kushoto na kulia, kila bawa likirudi nyuma kidogo ya lililotangulia ili upepo na jua vipenye pande zote. Hospitali ya Trenton, New Jersey, ilifunguliwa kwa ramani hiyo mwaka 1848.

Kwa usimamizi, jengo refu linashinda. Daktari anazungukia wodi zote bila kulowa mvua, na chakula kinafika kingali moto. Balaa ni wagonjwa wakiongezeka: Kirkbride alitaka wasizidi 250, lakini mwaka 1866 wakuu wenzake wa hospitali za akili waliruhusu hadi 600.

Nyumba ndogo zilizotawanyika, kama za hospitali ya Kankakee, Illinois, wagonjwa wakizidi unaongeza tu nyingine. Moto ukizuka, hauli kila kitu. Ila mabomba yanarefuka, na kila nyumba inadai mlinzi wake wa usiku.

Matengenezo? Paa refu likivuja, mwenye bajeti hapati usingizi.

Wagonjwa wachache wa kuangaliwa kwa karibu, jengo moja linatosha. Ardhi ipo na wengi wanakaribia kurudi kwao, nyumba ndogo.