DVD ya Fargo niliyouziwa ni mbovu, na jibu la kaunta ndilo limeniudhi zaidi

Jamani nina hasira na naandika nikiwa nazo hivihivi, mtanivumilia. Nimenunua DVD ya Fargo, ile filamu ya 1996 ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen, kwenye duka moja la diski za mtumba huku Minnesota, Marekani, ninakoishi, na filamu imekatika. Ingekatika mwanzoni ningesema basi, ingekatika katikati ningeruka mbele kwa remoti. Imekatika baada ya ile mashine ya kusaga matawi, kabla Marge hajaongea na yule muuaji kwenye gari la polisi. Walioiona wameshanielewa, wengine subirini nifike.

Kwa ufupi tu. Jerry Lundegaard ni meneja mauzo kwenye duka la magari la baba mkwe wake, kajikoroga kwenye madeni na hataki mtu ajue, basi anawakodi majambazi wawili wamteke mke wake. Mke wake wa ndoa, mama wa mtoto wake! Mpango ni kwamba baba mkwe ana hela, atalipa. Majambazi wanaambiwa ni dola 80,000 wagawane nusu kwa nusu na Jerry, halafu baba mkwe anaambiwa watekaji wanataka milioni moja. Hesabu nyingine fanyeni wenyewe. Na hii ni komedi, unacheka kwelikweli halafu unajishika mdomo, kwa sababu anayeteseka ni mama wa watu ambaye hajamkosea mtu, kakaa zake anafuma sweta na kuangalia tivii mara anaona mtu kaziba uso anamchungulia kioo cha mlango.

Siku hiyo nilikuwa na shangazi yangu. Kaja kutoka Tanga kutusalimia na kaja kipindi kibaya, baridi ile ambayo ukivuta pumzi pua inaganda, kutoka nje hakuna. Nikamwambia shangazi leo nakuonyesha filamu ya hukuhuku, theluji unayoiona dirishani ndiyo hiyohiyo. Nikamwambia na kwamba walipokuwa wanarekodi, majira ya baridi ya 1995, theluji ilikuwa haba hapa Minnesota ikabidi wahamie kaskazini mpaka North Dakota na nyingine waitengeneze kwa mashine, shangazi akasema kumbe hata theluji wanaigiza.

Aliipenda, nawaambia. Pale Jerry anapotoka kwa baba mkwe wake amenyimwa hela, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari mpaka anashikwa na wazimu anaanza kukipiga kile kikwangulio, shangazi alinitazama akasema na wewe ndivyo unavyofanya kila asubuhi? Pale yule jambazi mkimya, Gaear, anapong'atwa mkono akiwa anamteka mke wa Jerry, anaacha kazi iliyomleta anaingia bafuni kutafuta dawa ya kupaka, alicheka mpaka machozi, halafu yule mama akatoka mbio kajiviringa pazia la bafuni akaporomoka ngazi, shangazi akanyamaza kabisa. Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Inakuchekesha halafu inakuuliza unacheka nini.

Na steringi hayupo mpaka nusu saa imepita! Ndiyo anaingia Marge, mkuu wa polisi wa mji wa Brainerd, mjamzito wa miezi saba, anaamshwa na simu usiku watu wameuawa barabarani. Mume wake Norm naye anaamka, anasema lazima ule kwanza, anamkaangia mayai. Marge anaaga, anatoka, mara huyo karudi ndani, gari haliwaki, betri inataka kushtuliwa. Shangazi akasema huyu mwanamume ana adabu. Tangu hapo alikuwa upande wa Marge, kila akionekana anakula shangazi anasema kula mama, kula.

Sasa fikeni nami kule ziwani, kwenye maficho ya majambazi. Gaear yuko nyuma ya nyumba anasukumiza mguu wa mwenzake kwenye mashine ya kusagia matawi, mguu una soksi, theluji yote mbele ya mashine ni nyekundu. Marge anakuja polepole na tumbo lake na bastola yake, anaita, mashine inameza sauti, anaita tena, anaonyesha kwa kidole nembo ya polisi kwenye kofia yake. Jamaa anarusha gogo, anakimbilia kwenye ziwa lililoganda, anapigwa risasi ya mguu, anaanguka. Hapo. Picha ikajigawa vimiraba vya kijani na kijivu, sauti ikawa inarudia kipande kilekile kama redio yenye betri inayokata roho, ikaganda, halafu tukajikuta kwenye menyu.

Nikajaribu tena, palepale. Nikaisafisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, palepale. Nikaipeleka kwa jirani, nikaiweka kwenye laptopu, palepale. Nikasema ngoja niicheze kwa ile sauti ya mpiga picha Roger Deakins anayeelezea juu ya filamu, naye kakatwa akiwa anaongea. Na kinachochoma moyo ni kwamba makala ya ziada, ile ya jinsi filamu ilivyotengenezwa, inacheza bila kukohoa mpaka mwisho. Ukiigeuza diski ukaielekeza kwenye taa unauona mchirizi mmoja mrefu, mwembamba, kuna mtu aliuona mchirizi huo akaibandika bei juu yake.

Shangazi kainuka. "Mwanangu, hii ndiyo komedi uliyonisifia? Mtu anasagwa kama nyama?" Nikamwambia shangazi subiri, haijaisha, kuna maneno ya maana yanakuja. Akasema astaghfirullah, mimi nakwenda kulala.

Na kuna jambo la pili. Filamu inaanza na maandishi kwamba hiki ni kisa cha kweli kilichotokea Minnesota mwaka 1987. Si kweli, ni mtindo wa hao ndugu wawili, na kule mwisho kabisa kwenye majina ya walioshiriki wameandika kama kawaida kwamba wahusika ni wa kubuni. Lakini sisi mwisho hatukuufikia! Shangazi kalala na yale ya mwanzo. Nimemweleza, anasema sawa mwanangu, ila karudi Tanga na mpaka leo akipiga simu anauliza kama nimefunga mlango.

Basi nikarudi dukani. Nilikwenda kwa upole, na risiti mkononi. Kijana wa kaunta hakunyanyua hata uso. Akaichukua diski, akavuta pindo la fulana yake, akaanza kuisugua kwa kuizungusha, kuizungusha, fulana yenyewe ina makombo. Mtu anauza diski na hajui kwamba diski unaifuta kutoka katikati kwenda nje, hauzungushi, ukizungusha unaongeza michirizi! Nikamwambia ndugu yangu hiyo haifutiki, angalia kwenye taa. Hakuangalia. Akaniuliza deki yangu nimekuja nayo kutoka huko kwetu? Akasema labda ndiyo shida, mashine za huko kwenu zina rijeni nyingine, yaani ile alama ya eneo la dunia ambalo diski na deki zimetengenezewa.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Kwanza deki nimeinunua hukuhuku, nalipa kodi hukuhuku miaka na miaka. Pili, habari za rijeni nazijua mimi kuliko yeye, kwa sababu ndugu zangu nyumbani huniagiza diski. DVD ya Marekani ni rijeni 1, Tanzania na Kenya ni rijeni 5, na Blu-ray, zile diski za picha kali zaidi, za huku ni A wakati Afrika ni B. Anayetaka kutuma zawadi nyumbani aangalie hilo kwanza, la sivyo deki itaikataa. Lakini itaikataa mwanzoni! Deki haiwezi kukuonyesha filamu karibu yote halafu izinduke kule mwisho ikumbuke kwamba wewe si wa rijeni hii. Nikamweleza hivyo. Akasema ikishafunguliwa haturudishi hela. Nikamwuliza nitajuaje haichezi bila kuifungua? Akanijibu, bado anatazama simu, si ukaiangalie mtandaoni, filamu yenyewe ya zamani.

Ya zamani. Hii filamu imetengenezwa kwa kama dola milioni 7 ikaenda ikateuliwa kwa Oscar 7, ikabeba mbili, ya Frances McDormand aliyecheza Marge na ya uandishi. Na mimi naitaka kwenye rafu yangu, sitaki ya mtandaoni, leo ipo kesho wameiondoa, na Deakins huko simpati.

Hebu niwaambie tulichokosa ili mjue kwa nini siachi. Marge anaendesha, Gaear yuko nyuma kwenye wavu, kimya. Marge anaanza kuwahesabu marehemu kwa sauti ileile aliyoagia nayo nyumbani siku ile ya mayai, yule mama kule sakafuni, mwenzio kwenye mashine, na wale watatu wa Brainerd. Anamwuliza yote haya kwa sababu gani, kwa vihela kidogo? Anamwambia maisha yana mengi zaidi ya hela, na tazama siku yenyewe ilivyo nzuri. Nje ni ukungu na theluji tupu, watu wengine wangesema hali ya hewa mbaya. Na anamalizia kwamba haelewi. Mpelelezi kakamata adui, kesi imekwisha, na anakiri kwamba haelewi. Bila maneno hayo umeangalia uchinjaji wenye vichekesho, ndivyo shangazi alivyouona na sina cha kumlaumu. Nayo yakiwepo, vicheko vyote vya nyuma vinabadilika, unagundua kwamba kuna mtu mmoja muda wote alikuwa anawaona waliokufa kama watu.

Halafu kuna kitandani, mwisho kabisa. Norm anachora bata, picha yake imechaguliwa kwa stempu ya senti tatu, ananung'unika kwamba stempu ya hela nyingi kapewa mwingine. Marge anamwambia bei ya posta ikipanda watu wote wanazihitaji zile ndogo, na anajivunia mume wake. Shangazi yangu angeipenda sehemu hii kuliko zote, namjua.

Mimi nilikaa chini kuandika msinunue, nyota moja, nimalize. Siwezi. Nimeandika mpaka hapa na kila nikiikumbuka naiona nzuri zaidi, kwa hiyo kununua nunueni, ila mpya, iliyofungwa, au kwa mtu anayewaruhusu kuigeuza na kuitazama kabla ya kutoa hela. Hata mtumba si mbaya, nina diski kibao za mtumba zinacheza vizuri mpaka leo. Halafu nakumbuka ile fulana yenye makombo na lile "huko kwenu" nasema hapana, duka lile msikanyage, hata wakiuza kwa bei ya karanga. Wapo pale wafanyakazi wengine wastaarabu, mama mmoja aliwahi kunitafutia filamu stoo nzima, huyo namheshimu, siku hiyo hakuwepo.

Jumamosi narudi. Nina risiti, nina diski, nitamwulizia meneja, na nitasimama kwenye kaunta ileile niwashe tochi ya simu juu ya ule mchirizi mpaka wanipe nzima au wanipe hela yangu. Nikipewa nzima naituma Tanga kwa shangazi, na nitamwambia binamu yangu atafute deki ya rijeni zote, aanzie pale ziwani.